Bei Moja ya Biryogo

Kwenye vibaraza vya mafundi cherehani wa Biryogo, mjini Kigali, bei ilikuwa moja. Ungeweza kuanzia kibaraza cha juu, karibu na msikiti, ukashuka mpaka cha mwisho penye mfereji, ukauliza suruali inashonwa kwa kiasi gani, na kila fundi angekutajia kilekile alichokutajia mwenzake, wengine bila hata kuinua macho. Mgeni aliudhika, akadhani anachezewa. Lakini wenyewe ndivyo walivyolelewa. Kila mwaka Ramadhani ikikaribia, wazee wa cherehani walikaa baada ya sala ya alasiri, kahawa ikazunguka, wakapatana bei ya kanzu za Idi. Aliyeishusha bei hiyo ili amnyang'anye mwenzake mteja hakupigwa wala hakufukuzwa. Aliachwa tu. Salamu aliitikiwa, basi. Kahawa ikija, kikombe chake hakimo. Mmoja aliwahi kufanya hivyo zamani, na mpaka leo akitajwa watu hutazama pembeni kama waliotajiwa ugonjwa.

Mwamini alikulia ndani ya hayo. Mama yake alipofariki alichukuliwa na mjomba wake, Mzee Maneno, akamalizia shule ya msingi, kisha akaingia kibarazani. Kazi yake ilikuwa ya sindano ya mkono: vifungo, matundu ya vifungo, kulaza pindo. Cherehani zilikuwa za wanaume. Hakuna aliyeliandika hilo mahali, lilijulikana tu. Ya kwanza aliikalia Mjomba; ya pili aliikalia kibarua, kazi ikiwapo; ya tatu ilifunikwa shuka mwaka mzima kama mgonjwa wa malaria.

Ile ya tatu Mwamini aliijua kuliko walivyodhani. Mjomba akienda kuswali, yeye huifunua, hukaa, huunganisha mabaki ya vitambaa, kona kwa kona, mshono baada ya mshono. Akisikia watu wanatoka msikitini huifunika tena na mabaki yake huyatia ndani ya mto. Mto wake wa kulalia ulikuwa umejaa mishono mpaka umekuwa mgumu. Alijua kungoja, Mwamini. Watu walidhani ni mpole.

Mwaka wa themanini na nne mvua ilikataa. Wakulima wa Ndera, waliokuwa wakija na vitambaa vya nguo za Jumapili, wakaacha kuja. Mafundi wakakaa wanatazamana. Ndipo siku moja Mwamini alipotumwa kupeleka suruali kwa mpishi wa nyumba moja Kiyovu, mtaa wa wakubwa, akapita mbele ya ofisi ya serikali, akaona tangazo ubaoni. Lilikuwa la Kifaransa, na Kifaransa chake kilikuwa cha shule ya msingi, lakini neno la nguo alilijua na neno la hospitali alilijua. Akaingia kuomba karatasi ya masharti, akapewa na karani aliyekuwa akimtazama miguu yenye vumbi.

Ilikuwa zabuni. Mjini waliiita soko la serikali. Serikali inataka mashuka na gauni za wagonjwa kwa hospitali zake. Kila anayetaka kazi aandike bei yake, aifunge ndani ya bahasha. Siku ya siku bahasha zifunguliwe mbele ya wote, na mwenye bei ndogo na kazi safi apewe.

Jioni ile Mwamini akamleta binti wa jirani aliyekuwa anasoma sekondari, awasomee. Walikuwapo Mjomba Maneno, na Sibomana wa kibaraza cha pili, mtu wa vicheko na watoto wengi, na Haruna wa kibaraza cha mfereji, ambaye alikuwa hasemi mpaka akohoe kwanza.

"Soma polepole, mwanangu," Sibomana akasema. "Hatufukuzwi."

Binti akasoma. Kila mmoja alete mfano wa gauni aliloshona. Alete cheti cha kodi. Bahasha ipigwe lakiri nyekundu. Halafu akafika kwenye kifungu kimoja, akasita, akakigeuza Kiswahili: "Washindani hawaruhusiwi kupatana bei kabla ya kufunga bahasha. Watakaobainika wamepatana watafutwa wote."

Haruna akakohoa. "Hao washindani ni kina nani?"

"Ni nyinyi. Wote mnaoomba kazi."

Sibomana akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi nishindane na Maneno? Maneno ndiye aliyeniposea mke. Binti yake wa pili amenyonya kwa mke wangu. Nishindane naye nini, mbio?"

"Hicho wamewaandikia matajiri wa mjini," Mjomba akasema, "wale wanaokatana makoo. Sisi hatushindani. Tutaandika bei moja, kila mtu kwenye bahasha yake. Atakayepewa yeyote, kazi tutaigawa vibaraza vitatu kama kanzu za Idi."

Sindano ya Mwamini ilikuwa imesimama katikati ya tundu la kifungo. "Mjomba," akasema, "na kama wao wanatuona washindani?"

"Watatuona tulivyo."

Ikaisha hapo. Mtu wa sindano ya mkono hana neno kwenye bei. Lakini kabla hawajaachana, Mjomba aligeuka akaitazama ile cherehani yenye shuka, akasema mbele ya wenzake wote, "Tukipata kazi hii, hii haitalala tena. Ataikalia Mwamini."

Haruna alikohoa, ila safari hii hakusema kitu. Na Mwamini, ambaye hakuwa mtu wa kuonyesha meno, aliinama akaushika uzi kwa midomo ili wasimwone anacheka.

Siku ya kupeleka bahasha walivaa kanzu zilizopigwa pasi, wazee watatu, kila mmoja kaishika bahasha yake kwa mikono miwili kama anayebeba sahani ya wali. Mwamini alibeba magauni ya mfano, matatu, ndani ya kitambaa safi. Matundu yote ya vifungo alikuwa ameyashona yeye. Waliketi kwenye benchi la ushoroba wakaambiwa wangoje, wakangoja.

Ndipo akaingia kijana mmoja anapiga mluzi, hakukaa benchi, akaegemea meza ya karani kama ameegemea ukuta wa kwao. Alikuwa Hakizimana, dereva wa Rutayisire. Rutayisire mwenyewe alikuwa nje, ndani ya kamyoneti, mkono umelala dirishani. Nani Kigali asiyemjua: ana ghala Gikondo, anauza saruji, chumvi, samaki wakavu, mablanketi, chochote kinachoshuka kwenye lori. Sindano tu ndiyo hakuwa nayo.

Dereva akatoa bahasha mfukoni. Akatoa ya pili. Akatoa na ya tatu.

Akamwona Mwamini anamkazia macho. "Weye dada, iko nini? Unatazama sana."

"Natazama bahasha."

Hakizimana alikuwa mtu wa furaha, hakuona sababu ya kuficha. Akazipanga mezani kama karata. "Hii ya patroni. Hii ya madamu, Mukeshimana. Na hii iko yangu."

"Yako?"

"Mimi pia iko kampuni. Toka juzi." Akacheka, na karani akacheka naye, akazigonga mhuri zote tatu papo hapo. Wazee wa Biryogo walikuwa bado wamekaa benchini na bahasha zao mapajani.

Mwamini alimwambia Mjomba njiani. Mjomba akasema, "Kila mtu na bahasha yake, mwanangu. Hata dereva ana haki ya riziki."

Siku ya kufungua, waliingizwa kwenye chumba chenye meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Mwenyekiti wa kamati aliitwa Munyakazi, mtu wa miwani na sauti ya upole, na kushoto na kulia kwake waliketi wawili ambao kazi yao ilikuwa kutikisa kichwa. Rutayisire alikaa kiti cha mbele, karibu na dirisha. Dereva wake, kampuni nzima, alisimama ukutani ameshika funguo za gari la bosi wake.

Munyakazi akavunja lakiri ya kwanza, akasoma: Maneno, Biryogo, bei kiasi fulani. Akavunja ya pili: Sibomana, Biryogo. Akaisoma bei, akasimama, akarudi kuitazama ya kwanza. Akavunja ya tatu: Haruna, Biryogo, bei ileile. Chumba kikaanza kunong'ona, kisha mtu mmoja nyuma akacheka. Munyakazi akavua miwani.

"Nyinyi watatu mnajuana?"

"Tunajuana, Bwana mkubwa," Mjomba akasema. "Tunaswali msikiti mmoja."

"Bei hii mlipatana?"

Mwamini aliushika ukingo wa kiti. Akamtazama mjomba wake na kwa moyo wote akamwambia, sema hapana, sema ni bahati, sema kitambaa bei yake ni moja na uzi bei yake ni moja. Lakini Mzee Maneno alikuwa ameinua kidevu. Aliulizwa kitu ambacho kwao ni heshima, akakijibu kama mtu aliyeulizwa kama ameoga.

"Tulipatana."

"Kabla ya kufunga bahasha?"

"Baada ya alasiri, kabla ya kufunga. Mimi na wenzangu hatuumizani."

Safari hii walicheka karibu wote. Munyakazi hakucheka. Alieleza, kwa upole wake uleule, kwamba serikali inanunua kwa ushindani ili fedha ya umma isiliwe, kwamba wanaopatana bei wanaiibia nchi, na kwamba kwa hiyo bahasha tatu za Biryogo zimefutwa. Aliongea kama daktari anayeeleza maradhi. Halafu akafungua zile nyingine.

Bei ya Rutayisire ilikaribia mara mbili ya bei ya Biryogo. Bei ya madamu ilipita ya mumewe kidogo. Bei ya dereva ilizipita zote.

"Bei tatu, na zote tofauti," Munyakazi akasema, akavaa miwani. "Huo ndio ushindani. Amepewa mwenye ndogo."

Mwamini alijikuta amesimama. Hakujua amesimama lini. "Bwana, yule pale ni dereva wake."

"Nani?"

"Yule mwenye funguo. Na huyo mwingine ni mke wake. Bahasha zote tatu zililetwa na mkono mmoja, mimi nilikuwa hapo."

Kila mtu akamgeukia Hakizimana, na Hakizimana akazitazama funguo kana kwamba zimeota mkononi mwake. Rutayisire alikuwa anatazama nje dirishani.

"Kuna sheria inayomkataza dereva kufanya biashara?" Munyakazi akauliza.

"Hana hata pasi ya nguo."

"Sikukuuliza pasi, binti. Kuna sheria?"

"Sheria inakataza kupatana."

"Watu waliopatana huandika bei moja. Hawa wameandika tofauti." Akafunga faili. "Umesoma mpaka wapi?"

"Shule ya msingi."

"Basi hapo ulipofika panatosha. Kaa."

Hakukaa. Alitoka amesimama vilevile, na mlangoni akakumbuka yale magauni ya mfano, akarudi kuyaomba. Karani akamwambia mfano ukishaletwa ni mali ya ofisi.

Waliteremka kutoka Kiyovu kwa miguu. Magari ya wakubwa yaliwapita yakiwarushia vumbi kwenye kanzu zile zilizopigwa pasi. Sibomana alijaribu mzaha mmoja, ukaanguka njiani, hakuuokota mtu. Walipoachana naye na Haruna, Mwamini akasema, bila kumtazama mjomba wake:

"Kwa nini hukusema hapana?"

"Aliniuliza, nikamjibu."

"Alikuuliza ili akufute, Mjomba."

"Ulitaka niseme uongo kwa ajili ya mashuka?"

Alitaka kusema ndiyo. Alitaka kusema kwamba hayakuwa mashuka tu. Alimkasirikia Munyakazi kwa upole wake, akamkasirikia Rutayisire kwa kule kutazama dirishani, akamkasirikia dereva kwa mluzi wake. Lakini hasira iliyomchoma zaidi, na aliionea aibu, ilikuwa ya huyu mzee aliyetembea mbele yake na kidevu kingali juu, kama aliyeshinda. Alipofika nyumbani aliingia ndani, akalalia mto wake mgumu, hakulia. Aliuma kona yake mpaka meno yakauma.

Wiki zikapita. Unga ulipanda. Mjomba akauza baiskeli yake na kusema miguu inamwuma kukaa tu, bora atembee. Ile cherehani ya tatu ilibaki na shuka lake, na Mwamini hakuifunua tena hata watu walipokuwa msikitini. Akawa anakaa nayo tu, mgongo kwa mgongo.

Ndipo asubuhi moja kamyoneti ikasimama mbele ya kibaraza, nyuma imejaa marobota ya kitambaa cheupe. Rutayisire akashuka, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, akapangusa shingo kwa leso.

"Mzee Maneno, habari ya kazi?"

"Tunashukuru Mungu."

"Nimekuletea kazi." Akafungua mfuko wa karatasi, akatoa gauni la mgonjwa, akalitandaza magotini. "Nataka kama hili. Na mashuka. Mengi sana. Hospitali zinangoja, na mkataba wangu una tarehe."

Lilikuwa gauni lao. Mwamini aliyaona matundu ya vifungo vyake kutoka alipokaa, kama mtu anavyoona mtoto wake mgongoni mwa mwingine. Ofisi ilikuwa imempa. Mali ya ofisi ilikuwa imepanda kamyoneti ikaja Biryogo kuulizwa kama inaweza kushonwa.

Rutayisire akataja bei yake kwa kila gauni. Haikufika hata nusu ya ile waliyoandika kwenye bahasha.

Mkono wa Mjomba ulishika pindo la gauni, ukalipapasa. "Bwana Rutayisire, bei hiyo haifiki hata..."

"Serikali nayo inanibana, mzee. Nimeshusha mpaka mfupa."

"Niruhusu nizungumze na wenzangu."

"Wenzako gani? Nikitoka hapa naenda kwa Sibomana mwenyewe. Ana watoto wengi yule, hatazungumza na mtu." Akainuka polepole, akilikunja lile gauni. "Nampitia Sibomana, nampitia yule wa mferejini. Wa kwanza kukubali ndiye mwenye kazi. Nyinyi si mnapenda zabuni? Hii ni zabuni."

Mwamini alichoma sindano yake kifuani pa nguo, akainuka, akapita uani kama anayeenda kuchukua maji. Alipofika nyuma ya nyumba akakimbia. Alipita katikati ya kuku na beseni za watu, akaingia kwa Sibomana kupitia jikoni, akamkuta ameketi na mtoto pajani.

"Baba Sibomana, Rutayisire anakuja. Amebeba gauni letu. Kazi ni ileile tuliyonyimwa, na hana fundi, na ana tarehe. Atakutajia bei ya kukutukana. Wewe mtajie ile ya bahasha."

Sibomana hakucheka. Akamwangalia mtoto, akaangalia mkewe aliyekuwa anakuna sufuria kavu. "Mwamini. Unga umekwisha humu."

"Hata kwetu."

"Akiondoka akaenda Bujumbura kutafuta mafundi?"

"Kitambaa kiko garini na siku zinamkimbia. Haendi popote."

"Maneno amesema hivyo? Bei ni ile?"

Mjomba hakuwa ametaja bei. Mjomba alikuwa ameshika pindo tu. Mwamini akasema, "Mjomba amesema bei ni moja."

Uongo ulimtoka bila kukwama, na hakuujutia. Akaondoka kwa mbio zilezile kwenda mferejini. Haruna alimsikiliza, akakohoa, akasema, "Haya."

Aliporudi, jasho limemlowesha ushungi, Mjomba alikuwa bado kwenye kiti chake na ile kamyoneti ilikuwa imesimama chini penye mfereji. Walisikia mlango wake ukipigwa, kisha mlio wa gari likipanda.

Rutayisire hakukaa mara hii. Uso wake mpana ulikuwa umewiva.

"Sibomana ananitajia bei ya bahasha. Yule mwenye kikohozi ananitajia bei ya bahasha, mpaka faranga ya mwisho. Wananiambia Maneno ndiye aliyesema." Akainama mbele ya uso wa mzee. "Mmepatana."

Mjomba alimgeukia Mwamini. Aliona ushungi uliolowa na miguu yenye majivu ya jikoni kwa watu. Alielewa yote, na Mwamini alijua kwamba ameelewa. Mzee huyu alikataa kusema uongo mbele ya kamati nzima, na sasa neno alilotiliwa mdomoni lilikuwa mbele yake, na mwenyewe anaulizwa. Akitikisa kichwa tu, yameisha: Sibomana atashusha, Haruna atashusha, na yeye Mwamini atakuwa mwongo wa mtaa.

"Nakuuliza, mzee. Ulipatana nao?"

Mjomba akajibu taratibu. "Tulipatana. Baada ya alasiri, kabla ya kufunga bahasha. Tangu siku ile hatujaibadilisha."

Sibomana, aliyekuwa amelifuata gari kwa miguu akiwa na mtoto bado mkononi, aliguna nyuma ya kamyoneti.

"Hiyo ni kinyume cha sheria," Rutayisire akasema. "Mmefutiwa hilihili."

"Kwa serikali," Mwamini akasema. "Wewe ni serikali?"

"Binti, sikusema nawe."

"Mimi nasema nawe. Nenda kamshonee dereva wako, ana kampuni. Au mkeo. Walishindana nawe vizuri."

Hakizimana, kwenye usukani, aliinamia buti zake. Mabega yalimtikisika. Rutayisire akamwona, akageuka na kutazama marobota yake, kitambaa cheupe kinakula vumbi la Biryogo na tarehe yake inasogea. Akapiga hesabu usoni, kila mtu akaiona. Hata kwa bei ya bahasha angebaki na karibu nusu ya fedha ya serikali, kwa kazi ya kuleta kamyoneti.

"Sawa," akasema mwishowe. "Bei yenu. Vibaraza vitatu. Lakini kwa sharti." Akamnyooshea Mwamini kidole. "Huyu asiguse kitambaa changu. Hata kifungo. Alinitukana ofisini, amenitukana hapa. Akae nje ya kazi hii, au nafunga turubai naondoka."

Mwamini alimtazama Sibomana. Sibomana alikuwa anamrekebisha mtoto mkononi, hajui atazame wapi. Mkewe alikuwa na sufuria kavu. Unga, Mwamini akafikiri. Akaona namna itakavyokuwa: Mjomba atamwomba kwa macho, si kwa maneno, na yeye ataingia ndani mwenyewe ili asiombwe. Alikuwa amekwisha chomoa sindano kifuani.

Mjomba aliinuka. Akaenda kwenye cherehani ya tatu, akashika shuka kwa pembe mbili, akalivuta. Vumbi likapaa. Akatazama bamba la sindano, akapitisha kidole juu yake. Lilikuwa limeng'aa kwa kutumika, katikati ya vumbi lote lile, hakuuliza.

"Kaa," akamwambia.

Mwamini akakaa.

"Bwana Rutayisire," Mjomba akasema, akilikunja shuka vizuri pembe kwa pembe, "kibaraza hiki kina cherehani tatu na huyu ni fundi wa moja. Funga turubai, au shusha."

Hakizimana alikuwa amekwisha teremka, mkono mmoja kwenye kamba ya turubai, anamtazama bosi wake, hajui anafungua au anakaza.

"Shusha," Rutayisire akasema, akaingia garini, akafunga kioo.

Walishona. Walishona mpaka magoti yakakataa kunyooka, vibaraza vitatu, na unga ulirudi kwenye sufuria, na Sibomana akarudi kwenye mizaha yake, akawa anawaambia wapita njia kwamba Biryogo kuna kamati siku hizi, na mwenyekiti wake ni mwanamke. Watu walipita makusudi kumtazama Mwamini kwenye cherehani. Wengine walisema hili na lile. Yeye hakuinua macho.

Walidhani atafurahi. Mwenyewe alikuwa amedhani hivyo. Alikuwa amepata alichokililia, na kila gauni lililotoka chini ya sindano yake lilimrudishia uso wa Munyakazi na miwani yake, ule upole, lile neno *kaa*. Kila gauni lingeandikwa jina la Rutayisire. Kila mgonjwa angelala ndani ya shuka ambalo nchi imelilipia mara mbili, na karibu nusu ya fedha hiyo imelala Gikondo, ndani ya ghala lisilo na sindano. Na yote kwa sheria, bahasha na lakiri na mhuri. Aliupiga ubao wa miguu kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

"Polepole, mwanangu," Mjomba akasema kutoka kwenye cherehani yake.

"Naenda polepole."

Hakizimana alikuja kuchukua mzigo wa kwanza. Aliyapakia magauni kwa adabu, maana tangu siku ile alikuwa anamwogopa kidogo, kisha akasimama mbele yake akichezea funguo.

"Dada, cherehani umepata. Mbona bado iko kasirani?"

Mwamini aliunga uzi, akaupitisha kwenye tundu la sindano mara ya kwanza bila kukosea.

"Kampuni yako," akasema, "itashindana tena lini?"

Dereva akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Wanasema mwakani. Blanketi."

"Bahasha zako ukizileta, utanikuta benchini."

Akarudisha mguu kwenye ubao, na cherehani ikanguruma.